Kundi la Tai na Makinda Yake: Jibu kwa Mwalimu wa Gredi ya Sita

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya msingi ya magharibi mwa Kenya ameuliza swali lenye sehemu tatu. Aliwapa wanafunzi wake zoezi la nomino za makundi na majina ya watoto wa wanyama, na walipofika kwenye safu ya tai majibu yakatawanyika. Wengi waliandika "kundi la tai", mmoja akaandika "kongamano la tai", na kuhusu mtoto wa tai wakagawanyika kati ya "kinda", "kifaranga" na "kitai". Mwalimu anataka kujua jina sahihi la kundi ni lipi, mtoto wa tai huitwaje tangu anapoanguliwa hadi anapokomaa, na kama yule wa kongamano anastahili alama. Ameambatisha picha ya chati iliyobandikwa ukutani mwa darasa lake: ndege wakubwa wamezunguka mzoga wa pundamilia, na chini yake pameandikwa "Kundi la tai".

Mwalimu, jibu fupi ni kwamba kundi la tai huitwa kundi la tai, na mtoto wake huitwa kinda. Hakuna neno la siri lililojificha kwenye kamusi likisubiri mwanafunzi hodari alifukue. Hata hivyo, jibu hilo fupi lina sababu zake, na sababu hizo zinamhusu ndege mwenyewe kuliko zinavyohusu sarufi, kwa hiyo naomba nizieleze kwa urefu kidogo.

Tazama orodha ya nomino za makundi tunazowafundisha watoto: bumba la nyuki, tita la kuni, kicha cha funguo, mkungu wa ndizi, genge la wezi, thurea ya nyota. Karibu kila moja ilizaliwa mahali ambapo watu walikuwa na shughuli na kitu chenyewe. Kuni zina tita kwa sababu lazima zifungwe ili zibebwe. Ndizi zina mkungu na chane kwa sababu hukatwa, hupimwa na huuzwa kwa mafungu hayo. Na mabaharia waliosafiri usiku walikuwa na haja ya kuzisoma nyota zikiwa pamoja. Lugha hulitajirisha eneo ambalo wasemaji wake wanalishughulikia kila siku. Mnazi ni shahidi mzuri: mtu wa pwani ana kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi kwa tunda lile lile kadiri linavyokua, kwa kuwa kila hatua ina matumizi yake na bei yake. Tai hakuwahi kufugwa, kuuzwa wala kufungwa mafungu na Waswahili. Alionekana juu, mara nyingi peke yake au akiwa na mwenziwe, kisha akapita. Jina "kundi", linalomfaa ng'ombe, mbuzi, ndege na hata watu, lilitosha kabisa kwa siku ile adimu alipoonekana na wenzake wengi.

Sasa "kongamano la tai" limetoka wapi? Kwa hakika mwanafunzi wako, au mzazi aliyemsaidia, amelitafsiri jina linalopatikana katika orodha za Kiingereza, ambalo kwa asili lina maana ya mkutano rasmi wa maaskofu au wasomi. Kiingereza kina majina mengi ya namna hiyo, na mizizi ya mtindo huo imo katika Uingereza ya karne ya 15, ambako mabwana wa tabaka la juu waliwinda kwa kutumia mbwa na ndege waliofunzwa. Kujua neno la pekee la kila kundi la mnyama kulikuwa alama ya malezi bora. Mwaka 1486 kilichapwa huko St Albans kitabu kuhusu uwindaji na ufugaji wa ndege wa kuwindia, kikiwa na orodha ndefu ya majina hayo, na ukiisoma orodha hiyo unaona mara moja kwamba mtungaji alikuwa akitania pia, kwa kuwa hakuishia kwa wanyama: amewapa majina ya kundi mahakimu, wapishi na hata watawa wa kike, na mengine ni ya kejeli. Kitabu hicho hicho kiligawa ndege wa kuwindia kwa ngazi za vyeo, kila ngazi na ndege wake, na tai akapewa mfalme wa wafalme. Hayo ni mambo ya ikulu na ya tabaka, na wataalamu wa ndege wa leo hawayatumii katika maandishi yao ya kazi, hata wale wanaoandika kwa Kiingereza.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyeandika kongamano amefanya kazi ya tafsiri badala ya kazi ya Kiswahili. Kongamano kwetu ni mkutano wa watu wenye ajenda, wenye mwenyekiti na pengine posho ya kikao. Kama angelitumia katika shairi au insha ya kubuni, akawafanya tai wakutane kujadili uhaba wa samaki, ningemsifu. Katika zoezi la msamiati hastahili alama ya safu ile, lakini anastahili kuelezwa kwa upole kwa nini, maana alionyesha bidii kuliko wenzake walioandika kundi bila kufikiri.

Nije kwenye picha, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mkanganyiko wote. Ndege walio kwenye chati yako ni tumbusi. Watazame shingo: ni ndefu, zimepungua manyoya hadi zinaonekana kama uchi, na palipo mwisho wa shingo kuna ukosi wa manyoya meupe yaliyosimama. Kichwa ni chembamba, kinachoweza kuingia ndani ya mzoga na kutoka bila kubeba damu nyingi, na miguu yao ni ya kutembelea, yenye kucha butu zisizoweza kukamata wala kuua mnyama mwenye nguvu. Tai ana kichwa na shingo vilivyojaa manyoya, jicho lililokaa chini ya mfupa uliojitokeza kama ukingo wa paa, na miguu ambayo ndiyo silaha yake: kucha ndefu zilizopinda, ile ya nyuma ikiwa ndefu kuliko zote, na hiyo ndiyo humchoma windo hadi ndani.

Hata hivyo sitamlaumu aliyeandika maneno ya chati. Katika mazungumzo ya kawaida, Kiswahili kimelitumia neno tai kwa ndege hawa wote wawili kwa muda mrefu, na magazeti yetu mara nyingi huandika kwamba tai wamekufa kwa sumu iliyowekwa kwenye mzoga wakati waliokufa ni tumbusi. Biblia ya Kiswahili nayo, katika Mathayo 24, husema kwamba palipo na mzoga ndipo watakapokusanyika tai, na wafafanuzi wengi wanaona kwamba ndege anayefikiriwa hapo ni mla mizoga. Mwanafunzi aliyekulia kwenye maneno hayo, akaona tumbusi arobaini Maasai Mara au kwenye machinjio ya mji, atakwambia kwa dhati kwamba ameliona kundi la tai, na kwamba ni kubwa.

Tumbusi kweli ni ndege wa makundi. Wakiwa angani hutazamana: mmoja akishuka kwa kasi, wa pili aliye mbali huona na kumfuata, wa tatu humwona wa pili, na baada ya muda mfupi mzoga uliokuwa na ndege watatu una makumi. Aina mojawapo, tumbusi anayeitwa kwa jina la Rüppell, hutaga pamoja na wenzake kwenye majabali, na majabali ya Kwenia katika kaunti ya Kajiado yanajulikana kwa koloni lao. Ukitaka nomino ya kundi itakayotumika kila siku bila kulazimishwa, ni "kundi la tumbusi".

Tai halisi huishi kwa jozi. Dume na jike hushikamana mwaka baada ya mwaka, hulinda eneo lao, hukarabati kiota kile kile kwa kuongeza vijiti, na jike huwa mkubwa kuliko dume. Ukikaa ufukweni mwa Ziwa Victoria au Naivasha asubuhi, utamsikia furukombe, yule mwenye kichwa, shingo na kifua cheupe na mwili wa rangi ya hudhurungi na nyeusi, akirudisha kichwa nyuma na kupaza sauti, na kabla hajamaliza mwenziwe aliye mti wa pili amemdakia. Hiyo ni jozi ikitangaza mpaka wake kwa majirani. Katika Kisiwa cha Rubondo, upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, furukombe ni wengi kiasi kwamba sauti hizo hufuatana mti hadi mti, na mgeni anaweza kudhani ameingia katikati ya kundi moja kubwa. La hasha, ni jozi nyingi zilizopangana ufukweni, kila moja ikiwa tayari kumfukuza jirani.

Zipo nyakati, lakini, ambapo tai hukusanyika, na hapo neno kundi hustahili kabisa. Kila mwaka, kuanzia karibu Oktoba, tai kutoka kaskazini huingia Afrika ya Mashariki wakikimbia baridi. Wamo tai wa nyika zinazoanzia Urusi na Kazakhstan hadi Mongolia, na wamo tai wadogo zaidi wanaotaga katika misitu ya Ulaya ya kati na ya mashariki. Wote ni ndege wazito wenye mabawa mapana, na safari ndefu kwa kupiga mabawa ingewamaliza nguvu. Hutegemea hewa iliyopashwa joto na ardhi, inayopanda juu kama nguzo: huingia ndani yake, huzunguka bila kupiga bawa hadi wanapokuwa juu sana, kisha huteleza umbali mrefu kuelekea nguzo nyingine. Kwa kuwa hewa hiyo haipandi hivyo juu ya bahari, huepuka kuvuka maji mapana na kulazimika kupitia njia nyembamba za nchi kavu au milango myembamba ya bahari, kama vile Bosporus, eneo la Suez na Bab el Mandeb. Mahali hapo mamia huonekana wakizunguka katika nguzo moja ya hewa. Hawakupanga kusafiri pamoja kama ukoo. Wamekutanishwa na njia. Ningeuita "msafara wa tai" iwapo wanasonga mbele, na "kundi la tai" iwapo wanazunguka, na wala sitamkosoa anayetumia kundi kwa yote mawili.

Wakishafika kwetu, wageni hawa hufuata mvua, na sababu yao ni ya ajabu kidogo kwa ndege wenye sifa ya ufalme: wanafuata kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakatoka kwenye vichuguu, tai wanaoweza kuua sungura hutua chini, hutembea kwenye nyasi fupi kama kuku, na kuokota wadudu mmoja mmoja kwa mdomo. Huweza kuwa makumi katika shamba moja. Hukusanyika pia kwenye makoloni ya kwelea kwelea, wale ndege waharibifu wa mtama na mpunga, ambako makinda wanaoanguka kutoka viotani huwa chakula rahisi. Hayo ni makundi ya meza: chakula kikiisha, kila mmoja huenda zake.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo uko mbali na kwetu, Alaska. Kwenye Mto Chilkat, karibu na mji wa Haines, sehemu ya maji haigandi mapema kwa sababu ya maji ya ardhini yenye joto zaidi, na samoni huendelea kupanda mto hadi mwisho wa mwaka. Tai wa Marekani mwenye kichwa cheupe, aliyemo kwenye muhuri wa taifa lile tangu 1782 na aliyetangazwa kisheria kuwa ndege wa taifa mwishoni mwa 2024, hufika hapo kwa wingi kiasi kwamba katika miaka mizuri huzidi 3,000, na tangu 1982 eneo hilo limehifadhiwa kwa ajili yao. Ndege huyo ni wa jamii moja na furukombe wetu, na huonekana pale akiwa amekaa mitini watano, kumi, wote wakimtazama samaki yule yule.

Kuna maana ya pili ya kundi ambayo huenda wanafunzi wako wakaihitaji katika somo la sayansi. Aina za tai duniani ni zaidi ya 60, na hazikutokana na ukoo mmoja wa karibu. Jina tai ni la umbo na ukubwa. Furukombe na wenzake wala samaki wako karibu na mwewe, huyu huyu anayewanyang'anya akina mama vifaranga na watoto mandazi. Kipungu, ambaye baadhi ya waandishi humwita tai pungu, mwenye mkia mfupi hivi kwamba akiruka miguu yake hupita ncha ya mkia, yumo pamoja na tai wanaokula nyoka. Tai wenye manyoya hadi kwenye vidole, kama yule mweusi wa majabali na yule mkubwa wa mbugani anayebeba hata swala wadogo, ni kundi jingine tena. Mtoto akijua kuuangalia mguu wa tai kama una manyoya au uko wazi, amekwisha kupata njia ya kuwagawa bila kuhangaika na majina ya Kilatini.

Sasa mtoto wa tai. Kiswahili hapa kimefanya jambo la busara ambalo orodha zetu za shuleni hazilielezi: kimetofautisha kinda na kifaranga. Kifaranga cha kuku hutoka kwenye yai akiwa na manyoya yaliyokauka baada ya muda mfupi, macho wazi na miguu ya kukimbilia. Siku ile ile humfuata mama na kudonoa mwenyewe. Kiyoyo cha bata vivyo hivyo, na huingia majini. Kinda ni yule anayeanguliwa akiwa mnyonge, asiyeweza kusimama, akabaki kiotani na kuletewa chakula: kinda la njiwa, la kunguru, la tai. Kinda wa tai huanguliwa na macho wazi na manyoya laini meupe au ya kijivu mfano wa malaika ya mkono wa binadamu, lakini kichwa hawezi kukiinua kwa muda mrefu, na mama humkatia nyama vipande vidogo na kumwekea mdomoni. Mtu aliyesema "kifaranga cha tai" ameeleweka, na kwa mazungumzo yanatosha, lakini katika zoezi lako neno sahihi ni kinda. Waandishi wa michezo wamelielewa vizuri pia wanapomwita mchezaji wa miaka 17 kinda: ameanza kuonekana ila bado analelewa.

"Kitai" ni jibu la mtoto anayefikiri. Ameona kilebu wa mbwa, kitungule wa sungura, kifaranga wa kuku na kiluwiluwi wa chura, akahitimisha kwamba ki- ndiyo alama ya utoto. Mwoneshe kwamba ki- hudogosha umbo, na mara nyingine hudharau, bila kutaja umri. Kitai kingekuwa tai mdogo wa umbo au tai asiye na maana, hata awe na miaka 20. Kisha mpe mfano utakaomfurahisha: kipungu na kipanga wote wanaanza na ki-, nao ni ndege wazima wenye makinda yao.

Kuhusu hatua za ukuaji, Kiswahili hakina mlolongo wa majina kama wa nazi, na sioni haja ya kuubuni. Maneno tuliyo nayo yanatosha yakitumiwa kwa nidhamu. Yai huatamiwa; kwa furukombe, ambaye kwa kawaida hutaga mayai mawili ingawa huweza kutaga moja au matatu, kuatamia huchukua takribani siku 42 hadi 45. Kuanzia kuanguliwa hadi siku anayoondoka kiotani kwa mabawa yake, mtoto ni kinda, na kwa furukombe muda huo ni kama siku 70 hadi 75. Baada ya hapo mwite tai mchanga, na akishapata rangi kamili ya wazazi wake ni tai mpevu. Watu wengi hudhani kwamba mara ndege akiruka amekua, lakini tai si hivyo. Tai wa msituni mwenye kishungi kichwani, yule anayewinda kima, huruka akiwa na siku 110 hivi, kisha huendelea kuletewa chakula na wazazi kwa miezi mingi karibu mwaka, ndiyo maana jozi nyingi za tai huyo huzaa mara moja kila miaka miwili.

Neno tai mchanga lina faida ya ziada, kwa sababu wachanga hawafanani na wazazi. Furukombe mchanga ana madoa ya hudhurungi mwili mzima na kichwa chake si cheupe; huhitaji kama miaka mitano kufikia rangi ya wazazi. Kipungu mchanga ni wa hudhurungi tupu, na mkia wake ni mrefu kuliko wa mzazi, hali kipungu mpevu ni mweusi mwenye uso na miguu myekundu. Mabadiliko hayo humchukua miaka saba au minane. Wapenzi wa ndege wanaoanza humwandika kipungu mchanga kama aina nyingine ya tai kabisa, na hata wazoefu husita anapokuwa mbali.

Swali dogo ulilolitia mwishoni, kwamba kwa nini vitabu huonyesha kinda mmoja tu katika kiota cha tai, lina jibu gumu ambalo ningelipima kabla ya kuwasomea watoto. Aina nyingi kubwa, akiwemo kipungu na yule tai mkubwa wa mbugani, hutaga yai moja tu. Tai mweusi wa majabali, anayeishi kwa kula pimbi na anayeonekana Hell's Gate karibu na Naivasha, hutaga mawili, yakipishana kwa siku kama tatu, na kinda wa kwanza karibu kila mara humuua wa pili. Valerie Gargett, aliyewachunguza tai hao kwa miaka mingi katika vilima vya Matobo huko Zimbabwe, alihesabu katika kiota kimoja madonoo 1,569 ambayo kinda mkubwa alimpiga mdogo kwa siku tatu, katika mashambulizi 38, mpaka mdogo akafa. Wazazi hawaingilii, na njaa si sababu ya moja kwa moja, kwa kuwa nyama huwa ipo kiotani. Wataalamu huliita jambo hilo kwa jina la Kaini, yule wa kitabu cha Mwanzo, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba yai la pili ni akiba: la kwanza lisipoanguliwa au kinda wake akiwa dhaifu, msimu haupotei. Furukombe ni tofauti kidogo. Kwake mdogo hupigwa pia, lakini viota vinavyotoa makinda wawili wazima vipo.

Limebaki suala la upatanisho, ambalo najua litakuletea ubishi katika chumba cha walimu. Kinda kwa umbo ni neno la ngeli ya LI-YA, kinda na makinda, lakini linamtaja kiumbe mwenye uhai, kwa hiyo katika Kiswahili sanifu vitenzi na vivumishi vyake hufuata A-WA: kinda amekua, makinda wawili wameruka. Kwenye kihusishi cha umilikaji desturi mbili zinaishi pamoja. Katika Luka 2 tunasoma makinda ya njiwa, na watu wengi, mimi nikiwemo, husema "kinda la tai" bila kufikiri mara mbili. Vitabu vingi vya shule navyo hupendelea "kinda wa tai". Zote mbili zipokee. Usichokipokea ni "kinda limeruka" katika insha ya mwanafunzi wa gredi hiyo, kwa kuwa hapo kosa ni la sarufi yenyewe, na katika mtihani wa kitaifa litampunguzia alama hata kama msamiati wake ni sahihi.